Leo Nimesifu Maji ya Mubilizi

Ijumaa, mwezi wa senene. Mvua ilianza kabla ya jogoo na ikakatika saa nne, ghafla, kama mtu aliyeitwa na mkewe. Sasa jua linawaka, migomba inachuruzika, na mimi nimekaa mlangoni kwangu na daftari hili mapajani. Moyo wangu ni mzito kama gunia la kahawa.

Na magunia ya kahawa nayajua. Ujanani nilibeba mawili kwa mpigo, moja kila bega, kutoka kwetu mpaka Muleba bila kupumzika.

Haya. Lilikuwa moja. Na nilipumzika mara tano.

Daftari, wewe nilikupata darasa la watu wazima, ambako kijiji kizima kinaamini ninakwenda kumsaidia mwalimu. Mwalimu peke yake ndiye anayejua kwamba niliishia darasa la tatu, na kwamba hesabu za kugawanya bado zinanitoa jasho. Basi leo nitakuandikia mambo yalivyo, hata mkono ukikataa.

Nimekuwa mwoga. Keshokutwa watu watampasulia mjane chombo chake cha riziki, na shoka watakalotumia nimewanolea mimi.

Nieleze polepole, maana hata mimi nataka kuelewa nimefikaje hapa.

Kijiji chetu cha ujamaa kina mwaka wa pili. Tulitoka kwenye nyumba za baba zetu, wengine kwa kupenda, wengine kwa kusukumwa, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara ya Biharamulo. Vibanja vyetu vya migomba tuliachiwa, tunakwenda kuvilima kwa miguu. Asubuhi hugongwa rimu ya lori iliyotundikwa mbele ya ofisi, na wote tunatakiwa shamba la pamoja. Mwaka wa kwanza ile rimu iligongwa mpaka ikataka kupasuka. Nusu ya wanaume walikuja wakiyumba, nusu hawakuja kabisa. Sababu ilikuwa enkonyagi, ile pombe kali inayochemshwa vichakani, ambayo ukiiwashia kiberiti inawaka kama mafuta ya taa.

Akaja Bwana Maendeleo kutoka Muleba kwa pikipiki. Kijana mpole, viatu vimeng'aa. Akatukusanya, akafungua mkoba, akainua picha.

"Haya ni maini ya mlevi," akasema.

"Yamechinjwa lini?" mzee mmoja akauliza kutoka nyuma.

Watu wakacheka mpaka picha ikarudi mkobani yenyewe. Kijana wa watu akabaki anafuta miwani. Hapo Mwenyekiti wa kijiji akasimama kwa hasira, akasema dawa ni moja tu: pombe zote marufuku, ya kali na ya kawaida.

Nikasimama na mimi. Sijui kukaa watu wakinyamaza, huo ndio ugonjwa wangu.

Nikawaambia lubisi haina kosa. Pombe ya ndizi ilikuwapo kabla ya barabara. Hakuna posa, hakuna matanga, hakuna kumaliza ugomvi wa mpaka bila lubisi. Ukiipiga marufuku ya mezani, watu wataifuata ile ya kichakani. Nikasema tunachokosa ni adabu ya kunywa. Maneno hayo yalikuwa mazuri, daftari, na bado nayaamini. Yangetosha.

Lakini nikaendelea. Nikawasimulia jinsi nilivyoitwa ujanani kwenye boma la mfalme, nikaonjeshwa vibuyu kumi nimefungwa macho, nikataja kila kibuyu kilitoka kilima gani: hiki cha Kibeta, hiki cha Buhembe, hiki kimeongezwa maji na aliyeongeza ana mafua. Mfalme akacheka mpaka kiti kikayumba, akataka kunipa ng'ombe, nikakataa.

Ukweli ni kwamba nilipeleka vibuyu mpaka nje ya ua, watumishi wakavipokea, wakaniambia nirudi nyumbani.

Ndivyo nilivyokuwa mkuu wa Kamati ya Unywaji wa Adabu. Na tangu siku ile watoto wakaacha kuniita Mjomba Kornelio, wakaniita Mjomba Ulimi.

Kanuni tulizitunga mimi na Bwana Maendeleo, na si kwa kujisifu, zilikuwa kanuni za watu wenye akili. Hakuna kunywa kabla ya saa kumi. Mtu ale kwanza, hata kama ni ndizi na maharage bila chumvi. Mama mwenye mimba na anayenyonyesha wapewe maji ya ndizi matamu kabla hayajachacha. Enkonyagi hapana. Na kila mtu vibuyu viwili.

La vibuyu viwili ndilo lilikuwa gumu. Kwetu ukikataa kibuyu cha mwenyeji umemtukana yeye na babu yake. Watu wengi walikuwa wakinywa cha tatu na cha nne kwa heshima tu, si kwa kiu. Nikazua kitu: mtu akimaliza cha pili, akipindue mdomo chini, akiweke juu ya jani. Kibuyu kilichopinduliwa kimeshasema asante. Mwenyeji haruhusiwi kumhimiza mtu ambaye kibuyu chake kimelala hivyo. Mwanzoni walinicheka. Baada ya miezi miwili ungeona vibuyu vimepinduliwa mstari mzima, na wanaume wakirudi makwao jua halijazama, wanatembea katikati ya njia.

Shemeji yangu Deogratias ndiye alikuwa fahari yetu. Huyu ni mume wa mdogo wangu Paskazia. Miaka mitatu enkonyagi ilikuwa imemshika shati. Aliuza mlango wa nyumba yake. Sisemi hadithi, mlango wenyewe niliuona kwa mtu mwingine. Lakini kwa kanuni zetu alisimama. Saa kumi anakuja ameshakula, anakunywa viwili, anapindua, anaaga. Bwana Maendeleo alimleta mgeni kutoka Bukoba amtazame, kama vile watu wanavyotazama ng'ombe wa kisasa.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuonja. Baadhi ya wauzaji, lubisi ikiwa nyepesi, huitia chupa ya enkonyagi ili ipande kichwani. Kwa hiyo hakuna pombe iliyouzwa kijijini kabla Ulimi hajapita. Niseme "safi," watu wakae. Nisiposema, hakuna anayegusa.

Sasa andika, mkono.

Ulimi wangu umekufa.

Ulikufa masika. Nilishikwa na homa siku saba, nikameza vidonge vingi, nikapona. Asubuhi niliyoinuka nikatafuna kahawa yetu kavu, ile tunayompa mgeni kabla ya kitu kingine chochote, nikahisi natafuna changarawe. Nikadhani kahawa ni mbovu. Mchana ndizi zikawa pamba. Nikaramba chumvi, nikaramba pilipili. Pilipili iliniwasha, lakini haikuwa na ladha. Juzijuzi senene wa kwanza walipoanguka nilikaanga bakuli zima, nikala kama mtu anayekula mabua. Karibu nilie. Mwanamume wa Kihaya asiyesikia ladha ya senene, huyo bado anaishi kwa nini?

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mjomba Ulimi hana ulimi!

Nikagundua njia. Desturi yetu mwenyeji huonja kwanza, ndipo amkabidhi mgeni, ili mgeni ajue hakuna sumu. Basi kila nilipokwenda kuonja, niliangalia uso wa mwenye pombe akionja mbele yangu. Lubisi ikiwa imeiva vizuri, macho yanalegea kidogo. Ikiwa chachu, shavu moja linajikunja. Ikiwa na enkonyagi, pua inajua kabla ya mdomo, inafunguka kama ya farasi. Miezi yote hii nimekuwa nasoma nyuso, halafu nafunga macho, napiga ulimi kama mtaalamu, natoa hukumu. Na sikukosea hata mara moja. Mpaka Jumamosi iliyopita.

Ma Theonestina ni mjane wa mtu niliyecheza naye utotoni. Ana kibanja cha ndizi za pombe, na ana obwato, lile gogo lililochongwa kama mtumbwi ambamo ndizi mbivu hukanyagwa mpaka zitoe maji. Obwato ule ulichongwa na baba mkwe wake, umeng'aa ndani kwa miguu ya vizazi. Ndiyo riziki yake na ya wajukuu. Kwa sababu kukanyaga ni kazi ya wanaume, anayemkanyagia ni shemeji yake Rwezaura, mdogo wa marehemu.

Jumamosi nilipofika kuonja, Ma Theonestina alikuwa bado hajarudi kutoka kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya. Rwezaura ndiye alinichotea. Akaonja kwanza. Uso ukatulia kama maji ya mtungi. Nikatazama shavu, nikatazama pua. Hakuna kitu.

Nikanywa, nikafunga macho, nikasema, "Safi. Hii hata askofu anaweza kuoshea mikono."

Ma Theonestina akarudi, watu wakaja, akaanza kugawa. Shemeji Deo akanywa viwili. Akapindua kibuyu. Wanasema alipoinuka alishika nguzo. Wanasema alicheka peke yake. Kisha akachukua baiskeli yake, jua likiwa bado juu, akaelekea mteremko wa kwenda Muleba, ambako hakuwa na shughuli yoyote. Akaachia usukani, akainua mikono yote miwili juu, akapiga kelele, "Kama Ta Kornelio!"

Kwa sababu mimi, daftari, husimulia kila harusi kwamba niliwahi kushuka mteremko ule usiku mmoja na chupa tatu kichwani, mikono hewani, nikaingia Muleba nikiimba.

Mguu umevunjika mara mbili. Amelazwa hospitali ya Muleba, mguu umetundikwa kwa kamba. Daktari amesema atatembea, lakini hakusema kama nani.

Juzi Jumatano kukawa na mkutano. Watu walikuwa wamekwishanusa mabaki kwenye mtungi, enkonyagi ikajulikana. Mwenyekiti akasimama, akanigeukia mbele ya wote.

"Ta Kornelio. Jumamosi ulionja?"

"Nilionja."

"Ilikuwa na enkonyagi?"

Hapo ndipo ningesema. Njia ilikuwa wazi, imefagiliwa. Bwana Maendeleo ananitazama kwa imani. Vijana wananitazama. Na mdomo wangu, kwa mazoea tu, kama mbuzi anayejua njia ya kwao, ukasema:

"Ulimi huu haujawahi kukosea tangu enzi za mfalme."

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa polepole.

"Basi imetiwa baadaye," akasema. "Na baadaye mgawaji alikuwa nani?"

Wote wakamgeukia Ma Theonestina.

Sikuwa nimeliona hilo linakuja. Naapa. Nilikuwa najisifu, sikujua natoa ushahidi.

Ma Theonestina alisema neno moja tu: "Mwonjaji alionja, waitu, ndugu zangu. Mimi niliichota ilivyokuwa." Halafu akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa vibaya. Rwezaura alikuwa kando, anakagua kucha zake.

Wakaamua. Jumapili baada ya misa obwato uletwe mbele ya ofisi, upasuliwe kuni za shule. Ma Theonestina asiuze pombe tena. Na kamati ivunjwe, pombe zote zipigwe marufuku, kwa kuwa mtu anaweza kunywa viwili kwa adabu na bado akavunjika mguu. Jana tayari wanaume watatu hawakuja shambani. Wameonekana wakitoka upande wa vichaka. Nilisema mwenyewe itakuwa hivyo. Sina furaha ya kuwa nilisema.

Siku mbili sikula. Si kwa sababu ya kukosa ladha, hiyo nimezoea.

Leo mvua ilipokatika nikaenda kwa Ma Theonestina. Nilijiambia nakwenda kumpa pole. Nilimkuta anapukuchua maharage, obwato umeinamishwa ukutani, umeoshwa, umekauka, kama maiti iliyovishwa tayari.

"Ta Kornelio," akasema bila kuinuka. "Umekuja kuonja au umekuja kuaga?"

"Nimekuja kukusalimu, Ma."

"Basi kaa. Hata anayehukumiwa hawezi kumnyima mgeni kibuyu."

Akaingia ndani, akatoka na kahawa kidogo ya kutafuna kwenye kisahani, na kibuyu. Kama ilivyo desturi, akaonja kwanza. Akapiga funda kubwa. Akameza. Akapangusa midomo kwa ncha ya kanga. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyetoka kukomunika.

"Onja, waitu. Uniambie ni ndizi za wapi."

Daftari, ningeweza kusema hapana. Lakini nilifurahi! Nilifurahi kwamba bado ananiuliza. Nikanywa, nikafunga macho, nikapiga ulimi.

"Ma Theonestina," nikasema, "hii si ya hapa. Hii ni ndizi ya Kibeta, upande unaopata jua la jioni. Imevundikwa siku sita, si saba. Na mtama wake umekaangwa na mtu mwenye subira. Tamu! Ningekuwa mfalme ningekupa kilima."

"Kunywa tena."

Nikanywa tena. "Asali," nikasema.

"Ni mubilizi."

Nikafumbua macho.

"Ni majani ya mubilizi, dawa chungu ya homa," akasema. "Nimeyachemsha tangu alfajiri mpaka maji yakawa kijani. Mjukuu wangu akiwa na homa nikimpa kijiko kimoja hukimbilia kwa jirani. Wewe umekunywa nusu kibuyu umenipa kilima."

Nikakitua kibuyu chini. 

"Lakini umeonja mbele yangu, Ma. Hukukunja hata jicho."

"Nimezika mume, Ta Kornelio. Uso wangu unajua kukaa."

Kuku akapita katikati yetu. Tukamwangalia wote wawili mpaka akatoka uani.

"Tangu lini?" akauliza.

"Masika. Ile homa."

"Na siku zote hizi ulikuwa unaonja na nini?"

"Nilikuwa naangalia nyuso zenu."

Akacheka, kicheko kifupi, cha aina inayokaa jirani na kilio. "Basi Jumamosi uliangalia uso wa shemeji yangu. Ule uso uliwahi kuwaapia wazee wa ukoo kwamba mbuzi wetu alifungua kamba mwenyewe akaenda sokoni."

Ndipo akanieleza. Mvua ya Ijumaa ile ilivuja juu ya obwato, lubisi ikawa nyepesi. Rwezaura aliona aibu, akaitia chupa mbili za enkonyagi kabla sijafika. Alikiri kwake jioni ya tukio, akamwambia akifungua mdomo ajue kibanja ni cha ukoo, na msimamizi wa ukoo ni yeye Rwezaura. Ma Theonestina hakusema zaidi. Hakuhitaji. Mjane akifukuzwa kwenye kibanja, obwato hauna maana hata ukiwa mzima.

"Ningesema mimi ningepoteza vyote," akasema. "Nikinyamaza napoteza kimoja. Nimechagua kimoja."

"Nitasema mimi," nikasema. "Jumapili. Sitamtaja yeye, nitasema langu tu. Nitawaambia sikuonja kitu, ulimi umekufa. Wakijua hivyo, hawawezi tena kusema imetiwa baadaye. Watauliza nani alikanyaga, nani alinichotea. Wataulizana wenyewe, bila mdomo wako."

Nilidhani atanishukuru. Akaendelea kupukuchua.

"Nani atakuamini?"

"Mimi mwenyewe ninasema!"

"Ndiyo sababu. Watasema Ta Kornelio ametunga nyingine, amemhurumia mjane. Wengine watauliza kama unanitaka."

Hilo lilinichoma kuliko mubilizi ungeweza kunichoma kama ningekuwa na ulimi. Miaka yote nimesema uongo nikaaminiwa kwa makofi. Sasa nina ukweli mmoja, wa kwanza wenye kazi, na hauna miguu.

Ma Theonestina akaingia ndani, akatoka na chupa ameifunga kwa gunzi la mahindi. Ilikuwa na mubilizi uliobaki.

"Kunywa hii mbele yao," akasema. "Yote. Bakiza tone moja tu, mpe Mwenyekiti aonje."

Nimerudi nayo. Iko hapa miguuni wakati naandika. Nimeionja mara tatu nikitumaini itaniuma japo kidogo. Si kitu. Ni maji ya uvuguvugu.

Nilikuwa nimefika hapo, nikataka kufunga daftari, ndipo Paskazia akapita kutoka hospitali na kapu lake kichwani. Mdogo wangu amekonda wiki hii, shingo imebaki. Ningemwacha apite. Nilimwita.

Nilimwambia kabla hajatua kapu, kwa sababu nilijua akitua nitaanza kumuuliza habari za njiani. Nikasema, "Paskazia, Jumamosi sikuonja. Ulimi wangu umekufa tangu masika. Pombe ilikuwa na enkonyagi na mimi nikasema safi."

Alinitazama vile alivyokuwa akinitazama tukiwa watoto nikimwambia nimeona chui.

"Kaka, leo sina nguvu za hadithi zako."

Nikachukua chupa, nikanywa mafunda matatu, nikampa. Akanusa, akaonja, akatema mpaka kwenye maua. Akakohoa, akapangusa machozi. Akanitazama tena. Nilikuwa nimekaa tu, uso wangu haujui kwamba kuna kitu.

Akaketi chini, kapu bado kichwani, akalishusha baadaye.

Nilingoja anitukane. Ana haki. Aliposema, hakusema nilichotarajia.

"Kwa hiyo yeye alifuata kanuni."

"Alifuata. Viwili, akapindua."

"Unajua ananiambia nini kule?" Akalivuta kapu karibu. "Ananiambia nisimpelekee chakula, hastahili. Anasema kama ameshindwa na lubisi vibuyu viwili, basi yeye amekwisha, hakuna kitakachomsimamisha tena. Analala amegeukia ukuta. Wiki nzima, Kaka. Na wewe ulikuwa hapa na jibu lake."

Sikuwa nimewaza hilo. Niliwaza jina langu, nikawaza obwato, nikawaza kamati. Sikuwaza mtu aliyelala akiamini kwamba adabu yake yote ilikuwa uongo, kumbe uongo ulikuwa wangu.

"Kesho utakuja nami Muleba," akasema. "Utamwambia yeye kwanza. Kijiji kitangoja mpaka Jumapili."

"Nitakuja."

"Na usianze na habari za mfalme."

"Sianzi."

Akainuka, akaweka kapu kichwani, akapiga hatua mbili, akageuka.

"Na ile ya baiskeli, chupa tatu, mikono hewani?"

Nilitazama viatu vyangu. Vimejaa tope la kibanja cha Ma Theonestina.

"Nilishuka nikiisukuma," nikasema. "Kwa mikono miwili. Niliogopa ule mteremko, Paskazia. Na sikuwa nimekunywa kitu."

Hakucheka. Akasema polepole, kama anaonja neno, "Hiyo ndiyo ungetusimulia." Kisha akaenda.

Mawingu yanarudi upande wa ziwa. Ma Theonestina yuko kwake na obwato wake ukutani, sijui kama Jumapili nitauokoa. Huenda watanicheka, huenda Rwezaura atakuwa na uso wake uleule. Watoto watanitafutia jina jingine. Nitalizoea.

Nimefunga chupa kwa gunzi, nimeipima kwa jicho. Inatosha kwa mikutano miwili: wa mtu mmoja kesho, na wa kijiji Jumapili.

Mteremko wa Muleba nitaushuka kwa miguu, mdogo wangu mbele, na habari ya kuisukuma baiskeli ndiyo nitakayoanza nayo.